Elimu ya Majaribio Kabla ya Kupiga Filamu ya Chuoni

Majaribio ndiyo taaluma mama ya sinema. Upigaji filamu wenyewe ni tawi lake dogo, tena halina haraka. Mamlaka ya juu katika taaluma hii ni Mtaalamu, cheo alichojitunuku baada ya kukosekana mwingine wa kumtunuku.

Kazi huanza na shata. Kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde, shata huwekwa 1/50, yaani nusu ya muda wa fremu moja, ili mkono unaopungwa uache ukungu kidogo ambao jicho limeuzoea. Katika nchi zenye umeme wa hezi 50, Tanzania na Kenya zikiwamo, kipimo hicho huzuia pia picha kumetameta. Asiyeamini na apige kwa fremu 30 na shata 1/60 chini ya taa ya tyubu ya zamani: michirizi ya kiza itapanda ukutani, na tukio la msiba litageuka disko.

Mwanga ni mtihani mgumu zaidi. Mwigizaji mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera iliyoachiwa ijipimie yenyewe huhangaikia ukuta na kumwacha mtu gizani. Watu wa kawaida hugusa uso wake kwenye kioo cha simu na kufunga kipimo hapo. Mtaalamu hupendekeza jengo zima lipakwe rangi upya.

Uhariri nao hujaribiwa mapema, na hapa historia yenyewe inamuunga mkono Mtaalamu, ingawa haikumtaja. Katika chuo cha sinema cha Moscow, kilichofunguliwa 1919, filamu mbichi ziliadimika, hivyo Lev Kuleshov na wanafunzi wake wakawa wanakatakata kazi za wengine na kuziunga upya, ikiwamo Intolerance ya D. W. Griffith. Ndipo uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha lolote, ulipounganishwa na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu kwa njaa, huzuni na mapenzi yake. Jaribio hili hufanyika vizuri tu bwenini, kwa uso wa mwenzi wa chumba na sahani ya wali maharage. Tunda lake ni kubwa: rafiki asiyejua kuigiza si kikwazo tena, mradi anyamaze.

Akilazimika kusema, sauti hurekodiwa kando, na kofi la kuoanisha sauti na picha hupigwa mwanzoni na mwishoni mwa shoti ndefu. Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu kimyakimya, kwa hiyo kofi la kwanza hulingana na picha na la pili hukataa.

Yote yakikamilika, Mtaalamu huyarudia kwa lenzi nyingine. Filamu yake mwenyewe, iliyo katika hatua hii tangu alipokuwa mwaka wa kwanza, sasa inasubiri skripti tu.