Barua ya wazi kwa waandaaji wa tamasha la Uhuru

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Tamasha la Sikukuu ya Taifa.

YAH: SHUKRANI NA MAOMBI KUTOKA IZIA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Sisi wakazi wa kata ya Izia, Manispaa ya Sumbawanga, tunakushukuru kwa kutuletea Uhuru hadi sebuleni. Ikifika Desemba 9 tunawaona wasanii waliovaa bendera kuanzia kilemba hadi soksi, wakichezesha midomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, na watoto wa halaiki waliopigwa jua kwenye mazoezi ili waandike neno AMANI kwa miili yao. Neno hilo tunalisoma bila shida, mradi umeme uwepo.

Na kwenye umeme ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mkoa wetu wa Rukwa, kwa miaka mingi, umewashiwa taa na Zambia. Gridi ya taifa haikufika huku, basi nyaya zikavuka mpaka kutoka upande wa Mbala. Kwa hiyo mkiimba kwamba tumejitegemea tangu 1961, sisi tunawasikia kwa hisani ya jirani. Mwaka 2024 ukame ulipolikausha Bwawa la Kariba, Wazambia wenyewe wakawa wanakaa gizani saa nyingi kila siku. Tangu hapo mzalendo wa Izia anaombea mvua ya Zambia kwanza, ya hapa kwetu Ufipa baadaye.

Bahati njema, wimbo wetu wa taifa na wa Zambia zina lahani moja, ile ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Ukipigwa kwenye tamasha lenu, hata umeme wenyewe bila shaka huona uko nyumbani. Ila kwenye orodha yenu ndefu ya wadhamini sijawahi kuiona Zambia. Ni utovu wa adabu, Mwenyekiti.

Kuhusu ngoma za asili, hatuna kinyongo. Wanawake wa Kifipa wanaosugua kigoda juu ya chungu mpaka kikaunguruma mkiwaalika, watangazeni tu kama "burudani ya kusubiri mgeni rasmi". Wakianza kukolea, mgeni rasmi aingie, kamera zigeuke. Tunajua jukwaa lina wenyewe.

Tatizo jingine dogo ni kalenda. Desemba huku mvua imeshika, mahindi yanapandwa, na mtu mwenye akili yuko shambani au kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Najua Uhuru haukupangwa kwa kumuuliza mkulima wa Ufipa. Na wala si lazima mtu autazame ndipo uwepo: Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha runinga hadi 1994, na Uhuru haukumkimbia mtu.

Sasa niseme lililonileta. Nimezitazama sherehe zenu kwa makini, na zilizofana kuliko zote ni zile ambazo hazikufanyika. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliifuta ya Desemba 9, akatutuma wote kufagia, na fedha, shilingi bilioni 4, zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye aliifuta, fedha zikaenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hakuna gwaride lililopigwa wala fataki iliyorushwa, lakini watu walipata lami na watoto wakapata pa kulala. Sijaona tamasha lililoacha hata benchi.

Ninachoomba ni hiki: mkija kufuta tena, fedha zisiishie Mwenge, maana Mwenge wanatosheka. Zishike njia ya TAZA, mradi wa kuunganisha umeme wa Tanzania na Zambia: zipite Iringa, Mbeya na Tunduma, zisimame Sumbawanga.

Na kama kufuta hamuwezi, tamasha lenyewe lileteni Uwanja wa Nelson Mandela, hapa hapa mjini. Akina mama wa kigoda na chungu wapewe saa nzima, na mgeni rasmi asubiri wamalize. Njooni na makoti, baridi ya huku haina itifaki. Jenereta pia mje nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Izia, Sumbawanga.