Daladala Isiyoondoka

Nimejenga levo. Msicheke, kuna wanaume wa rika langu wanafuga njiwa, mimi najenga levo. Iko ndani ya gemu moja ya mtandaoni, jina nalihifadhi, ambamo mchezaji anaruhusiwa kujitengenezea uwanja wake kisha akawatega wenzake. Wangu nimeuita "Gari la Mwisho la Mbagala". Unatoka mbio Kariakoo usiku, unaruka mitaro, unakwepa bodaboda na meza za machinga, unadandia daladala kabla haijaondoka.

Balaa limo kwenye hilo neno "kabla". Kwenye karakana ya kujengea levo wametuwekea nyasi za kila rangi, wametuwekea hadi popo, lakini kipima muda hakuna. Kwa hiyo daladala yangu inasubiri. Mpwa wangu alifika meza ya tatu ya machinga, akalaza simu kwenye kochi, akala wali maharage, akaoga, akarudi, akapanda gari.

"Nimeshinda, anko."

Umeshinda nini? Hata ile inayosubiri kujaa pale stendi haijawahi kumstahi abiria namna hiyo!

Na wala siombi maajabu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na saa yake pale juu, inaanzia 400 inashuka, na ikikaribia kuisha muziki unashika kasi, jasho linakutoka viganjani. Tena zile hazikuwa sekunde halali, zilikwenda mbio kuliko sekunde. Tulipunjwa mchana kweupe na tukapenda. Super Mario Maker ilipotoka mwaka 2015, mjenzi akaachiwa apange muda wa levo yake mwenyewe. Mimi nimeachiwa popo.

Nikaamua kuunda saa ya kienyeji. Boksi linatambaa juu ya reli, taratibu kama mtu anayekwenda kulipa deni. Likifika mwisho linabonya swichi, mlango wa daladala unajifunga. Kwenye simu yangu nilipima sekunde 90 kamili. Kwenye simu ya mpwa wangu, yenye kioo kilichopasuka na joto la jiko la mkaa, boksi lilichukua dakika mbili na ushee. Kumbe gemu inahesabu mwendo kwa fremu, haiangalii saa. Simu ikielemewa, fremu zinapungua, na muda nao unachechemea. Ugonjwa huu ni wa zamani: kwenye Space Invaders ya 1978, kadiri ulivyowaua wavamizi ndivyo waliobaki walivyokaza mwendo, kwa kuwa mashine ilibakiwa na wachache wa kuchora. Kwao ikawa sifa. Kwangu, kijana anamaliza kuoga na mlango bado uko wazi.

Nikawaandikia wenye gemu, kistaarabu kabisa. Saa ianze mchezaji anapopiga hatua ya kwanza, si levo inapofunguka, maana wengine tunafungulia kwa bando la kuungaunga. Mjenzi achague mwenyewe: muda ukiisha, mtu afe au mlango ufungwe. Je, shemeji akipiga simu katikati ya mchezo? Hapo nilikaa robo saa nzima, chai ikapoa. Saa ikisimama, watu watapigiana simu makusudi wapate kuvuta pumzi. Isiposimama, simu ya shemeji itapokewa na nani? Nikaandika: isisimame. Shemeji atume meseji.

Jibu lilikuja ndani ya dakika moja, la mashine: asante, maoni yako ni muhimu sana kwetu. Najua subira, wenzetu wa Geometry Dash walikaa tangu 2017 hadi Desemba 2023 wakingoja toleo la 2.2. Nikangoja. Toleo letu jipya likashuka, nikalipakua kwa bando la wiki nzima. Wameleta kofia. Moja ina manyoya.

Jana mpwa wangu akaniambia na yeye amewaandikia. Nikasikia raha, damu nzito kuliko maji.

"Umewaambia waweke saa?"

"Nimewaambia wakija kuiweka, waweke na kitufe cha kuisimamisha."

Wamemjibu jioni ileile. Mtu kabisa, si mashine, na kikatuni cha tabasamu mwishoni.