Si Wetu Huyo

Pita Mkomani, katika mji mkongwe wa Lamu, umuulize yeyote aliyeketi barazani huyu paka wa nani. Atakujibu, "Si wetu huyo." Na paka mwenyewe kamlalia mguuni.

Mama mmoja wa mtaa huo alijibu hivyo miaka nenda miaka rudi. Siku moja alipaa changu watatu, akawatia ndimu na chumvi, akaingia ndani kufuata kikaango. Kutoka, kakuta wawili, na mkia wa mistari unapotelea juu ya ukuta. Aliyoyasema hapo hayaandikiki. Aliapa mnyama yule hatakanyaga tena jikoni kwake.

Usiku mumewe aliamka kunywa maji, akamkuta mkewe juu ya kibao cha mbuzi, anachambua kichwa cha samaki mwiba mmoja mmoja.

"Unamtayarishia nani, mama?"

"Akikwamwa, watasema nimemuua."

Hoja anazo. Kwenye hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud, sahaba Abu Qatada alikiinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi. Basi hata akilala juu ya mswala, nani atamfukuza?

Mazoea haya ni ya zamani. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kaburi la Kupro lenye miaka ipatayo 9,500: mtu kazikwa, na paka kando yake. Pengine naye alikuwa akisema si wake. Tena paka wazima ni nadra kuliliana "nyau" wao kwa wao. Sauti hiyo wametuwekea sisi, na tumeielewa vizuri mno, maana ikilia tu mtu huinuka.

Yule wa Mkomani alipotoweka siku tatu, mama alizunguka vichochoroni na kisahani cha dagaa, akiita "ps, ps", na kila aliyemuuliza alimwambia anatafuta kuku. Nyumba ya tatu akaambiwa paka wa namna hiyo hula pale kila adhuhuri, ana na jina, "ila si wetu."

Alimpata kwake mwenyewe. Kabati lilikuwa limeachwa wazi, na ndani, juu ya doti ya leso mpya iliyonunuliwa kwa harusi ya mpwa wake, paka alikuwa amezaa wanne.

Harusini mama alivaa leso ya zamani.