Ojwang Si Mjaluo, Msinipige

Ukitaka kutengwa na watu hapa Junju, nenda mangweni useme Mzee Ojwang wa Vitimbi hakuwa Mjaluo.

Siku hizi vichekesho vya zamani vya televisheni, Vitimbi na Vioja Mahakamani, vimefufukia kwenye simu. Vijana waliozaliwa televisheni ya VOK imeshageuka KBC zamani ndio wanaotuonyesha sisi wazee vichekesho vyetu wenyewe, tena kwa bando letu. "Babu, niwashie hotspot kidogo tu." Kidogo! Ojwang na Mama Kayai hawajamaliza hata ugomvi wa kwanza, bando limekwisha. Na mimi niliwekwa upande wa jua, nikaishia kutazama ndevu zangu kwenye kioo.

Si kwamba zamani ilikuwa raha. Ulikaa chini nyuma ya vichwa vya watu, mwenye televisheni akikutuma maji kila kesi inaponoga. Halafu betri ya gari ikianza kuchoka, hakimu hupungua, hupungua, mpaka abaki kijistari cheupe katikati ya kioo. Kuna mwizi wa kuku ambaye mpaka leo sijui kama alifungwa.

Basi juzi mangweni nikawaambia wenzangu: huyo Ojwang jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu, alifariki Julai 2015. Na mkewe wa kwenye Vitimbi, Mama Kayai, ni Mary Khavere.

"Mzee, mnazi umekuzidi."

"Wanjau? Na Kijaluo kile kakitoa wapi?"

Ningenyamaza. Lakini nikauliza: na Captain Otoyo, yule wa kipindi cha Papa Shirandula, mnamjua jina? Kazungu Matano!

Mgema akaacha kumimina. Kazungu, jina ambalo ukiliita pale stendi ya Vipingo nusu ya abiria wanageuka! Ina maana kijana mwenye jina letu la Kigiriama kaenda mjini, kapata kazi ya kuwa Mjaluo, na kazi yenyewe kaiweza.

Hapo ndipo panaponikera. Kila kabila lina mtu wa kuliigiza, ila sisi tukitokea kwenye vichekesho tunatokea tumelala, au tunaroga. Natamani siku moja Mjaluo wa Kisumu, mwenye cheti cha kuzaliwa, alipwe kuiga Kigiriama. Aanze na salamu ya "mulamukadze" tu, tumuone jasho.

Hawakunisikiliza. Mama mwenye mangwe aligonga meza kwa kata, akajifanya hakimu wa Vioja, akasoma hukumu: Otoyo ni wetu, arudishwe nyumbani. Ojwang abaki Mjaluo kwa sababu mashahidi wote wamemsikia kwa masikio yao. Na mshtakiwa, yaani mimi, kwa kosa la kuvuruga amani, alipe chupa mbili za mnazi, papo hapo, na M-Pesa ya kuahidi haikubaliki.