Mnazidisha Tu, Kutoa Hamtaki

Mxiu! Niacheni nisonye kwanza, kahawa itanisubiri.

Jana hapa Rangi Tatu, Mbagala, jamaa kaokota kipande cha mkaa, kaanza kupiga hesabu ukutani. Paundi 12 na ushee kwa saa, mara saa nane, mara siku sita, mara shilingi zetu. Ukuta ukajaa sifuri. Kisha kanigeukia: "Na bado mdogo wako anasema hana hela ya bati?"

Mdogo wangu yuko Leeds, Uingereza, yeye na mumewe, tangu 2023. Jamani, kuzidisha mnajua. Kutoa je? Toeni kodi ya nyumba. Toeni kodi ya halmashauri. Toeni gesi ya kupashia nyumba joto, maana Desemba huko jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Toeni mafuta ya gari: kazi yake ni kulea wazee majumbani, anamwogesha bibi huyu, anakimbilia kumpa dawa babu yule, na muda wa njiani tajiri wake hamlipi. Leseni ya Tanzania ilimfaa miezi 12 tu, kisha akatahiniwa upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Na hela ni jambo dogo. Mimi inaniuma ndoa. Shemeji anapakia mizigo ghalani usiku kucha, anafika nyumbani saa moja asubuhi. Mkewe keshatoka saa kumi na mbili. Kitanda hakipoi, lakini hawalali pamoja. Watu tuliowachezea ngoma siku mbili hapahapa Mbagala, leo wanaachiana vikaratasi kwenye friji: maharage nimechemsha, unga umeisha.

"Si warudi!" kasema mwingine. Mxiu! Warudi wapi, na kiwanja waliuza wapate nauli? Viza ya walezi ilifunguliwa Februari 2022. Kuanzia Machi 11, 2024, mlezi mpya akakatazwa kwenda na mwenzi au watoto. Julai 2025 serikali ya huko ikafunga kabisa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Hawa walipita mlango ukiwa wazi, wakitoka hawarudi kwa njia ileile. Tena kibali chenyewe kimefungwa kwa mwajiri: mwajiri akinyang'anywa leseni yake ya kuajiri wageni, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke.

Mtu anayeishi hivyo, simu ya nyumbani ikilia usiku moyo unamwenda mbio, anajua kuna msiba. Nasi tunampigia saa kumi na moja alfajiri, kwao kipindi cha baridi ni saa nane usiku, kumwambia bati limepanda bei! Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili. Naona aibu.

Jumapili mdogo wangu alinipigia video. Wote wawili wapo nyumbani, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Yeye anasonga ugali, shemeji kakaa mezani kajitanda kanga ya mkewe juu ya sweta, macho mekundu, anacheka. Nikauliza, mnalala lakini? Mdogo wangu akaacha mwiko, akanyamaza. Kisha akasema, kaka, swali hilo hakuna aliyeniuliza tangu Ramadhani.

Muuza kahawa, hebu nipe maji kidogo na kitambaa hicho. Naufuta huu ukuta.