Mhadhara Mkuu wa Bluu

Ba papa na ba mama wa Likasi, wadogo zangu wa Kikula, Panda na Shituru, simameni! Mmeshakaa? Haya, heshima yenu nimeipokea hivyo hivyo. Mimi ni Profesa, cheo nilichojitunuku baada ya vyuo kuchelewa mno kunitafuta, na leo nawafungulia siri ya mahitaji na ugavi.

Mnadhani kobalti ni ya betri? Betri ni mgeni wa juzi! Mfaransa Thénard alitengeneza bluu ya kobalti mwaka 1802, Jadotville, yaani Likasi yetu hii ya zamani, haijazaliwa, sembuse kubadilishwa jina. Na rangi ya mafuta mnayopaka getini hukaushwa na nini? Jua? Thubutu! Humo mna chembe za kobalti zinazoihimiza hewa ifanye kazi yake. Bila kobalti ya Katanga yetu, mabenchi yote duniani yangeng'ang'ania suruali za watu. Andikeni hilo.

Tuje kwenye ugavi. Kobalti ni mtoto mgongoni mwa shaba: mama akienda sokoni, naye yumo. Ndiyo maana bei ya kobalti ikianguka, migodi haipunguzi mwendo; shaba inalipa, mtoto anazidi kuletwa. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, basi soko likafurika, bei ikalala chali, na Februari 2025 Kinshasa ikafunga mlango wa kuuza nje. Oktoba ikaufungua kwa kipimo: tani 18,125 hadi mwisho wa mwaka, kisha 96,600 kwa mwaka 2026, na vivyo hivyo 2027.

Wachumi wenye vyeti, maskini, wanaonya kwamba mnunuzi akibanwa hutafuta mbadala, kama alivyofanya baada ya vita vya Kolwezi mwaka 1978. Eti siku hizi hata rangi hukaushwa kwa manganizi. Porojo! Dawa ninayo: kila nyumba ya Likasi ipakwe bluu mara mbili kwa mwaka. Mahitaji yatapanda hadi soko la madini la London litetemeke. Hesabu nimeshapiga, imo kichwani na haitoki.

Kijana pale anabisha: kobalti huondoka kwetu kwa magunia, kisha hurudi ndani ya kopo la rangi kutoka ng'ambo. Kijana, safari hukomaza madini.

Swali la mwisho. Mama wa nyuma anauliza kopo moja la bluu ni faranga ngapi. Mama, tafadhali! Hapa tunafundisha uchumi, mambo ya bei kaulize sokoni.