Machicha ya ngokela

Majirani walipomaliza ngokela, kazi ya kusaidiana, ya kuchuma kahawa yetu, uani palibaki ndoo mbili za machicha. Mama mkwe alikuwa amepika pombe ya mahindi kwa kimea cha ulezi, maana hapa Umatengo huwezi kuita watu shambani ukawaacha warudi makwao na koo kavu. Machicha huenda kwa nguruwe. Safari hii roho iliniuma. Ulezi ule niliupepeta mwenyewe, nikauloweka, nikaulinda na kuku hadi ulipochipua na kukauka.

"Mama, haya nitayapikia mikate ya mvuke."

"Nguruwe atalia, mwanangu," akasema, lakini sufuria yake kubwa akanipa.

Niliamini chachu imo, nafaka imo, umebaki moto tu. Nikayakamua, nikachanganya na unga wa mahindi na sukari, nikafunga kwa majani ya mgomba na kupanga juu ya vijiti, mikate isiguse maji. Baada ya saa nzima nikafungua madonge mazito yenye maganda ya kukwama kooni. Mume wangu alikula lake lote, polepole, bila neno. Watoto walikataa.

Usiku ule mama alinieleza, na sijasahau. Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, chachu huila sukari hiyo, ndipo pombe hukolea. Machicha basi ni maganda ambayo unga wake umekwisha kunywewa. Tena mahindi na ulezi havina mnato wa ngano ule unaoshika hewa ndani ya donge. Mkate ungeinukaje?

Kesho yake nikatwanga kikombe kimoja cha machicha yaliyokamuliwa, nikakanda na vikombe vitatu vya unga wa ngano. Julai ya hapa kwetu Kigonsera ina baridi kali, kwa hiyo nikalifunika donge kwa khanga, nikaliweka kando ya mafiga, nikalala. Kengele ya misheni iliponiamsha, donge lilikuwa limefurika, limemwagikia majivuni, na kuku wawili wamo ndani yake hadi magotini.

Niliokoa lililobaki safi. Nikainjika tena, nikaenda uani kumenya kahawa. Harufu ndiyo iliyonirudisha mbio: maji yamekauka, vijiti vimeshika moto, kitako cha sufuria cheusi tii. Sufuria ile mama alipewa siku ya harusi yake. Niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka, machozi yakinitoka.

Mikate sita ya juu ilikuwa imesalimika. Ilikuwa laini, ya kahawia, yenye uchachu mdogo na harufu ya ulezi. Mama akala mmoja kwa maharage, akala wa pili. Kisha akakwangua donge bichi lililoganda pembeni mwa bakuli, akalitia kikombeni, akapanda kiti na kuliweka darini, mbali na kuku.